Pacha, ghorofa au nyumba ya uani: ujenge ipi ukitaka kuishi na kupangisha kwenye kiwanja kimoja?

Mtu mwenye kiwanja Goba, Madale, Chanika au Kigamboni, jijini Dar es Salaam, anayetaka kuishi hapo na wakati huohuo apate pango la mwezi, ana njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni nyumba pacha: nyumba mbili za chini zilizoshikana kwa ukuta mmoja wa katikati, kila moja na mlango wake. Ya pili ni ghorofa moja, familia moja chini na nyingine juu. Ya tatu ni nyumba yako mbele, kisha nyumba ndogo ya kupangisha uani, zimeachana kabisa.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukijua ninakoelekea. Anayejenga kidogo kidogo kwa mshahara au faida ya biashara, na kiwanja chake ni mita 20 kwa 20 au zaidi, ajenge pacha ya chini. Ghorofa limwachie mwenye fedha zote mkononi na kiwanja kidogo sehemu ghali. Nyumba ya uani inamfaa aliyekwisha kujenga ya mbele, au mwenye familia isiyotaka kabisa kugawana ukuta na mtu. Watu wengi huanza kwa kupenda picha ya nyumba waliyotumiwa kwenye simu, halafu ndipo wanahesabu fedha. Ningependa tuanze kwa fedha, kwa sababu namna zinavyoingia ndiyo inayoamua ni ipi kati ya hizi tatu itakamilika na ipi itabaki pagale.

Mpangaji wa leo anatafuta nini

Kuishi na wapangaji ni jambo la zamani hapa mjini. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo, Ilala na Magomeni zilijengwa kwa mpango huo: korido katikati, vyumba huku na huku, uani kuna choo na sehemu ya kupikia ya wote. Mwenye nyumba alichukua vyumba vyake, vingine akapangisha. Mpangaji wa leo mwenye kazi na familia ndogo anataka kingine, na tangazo la dalali linakuambia bila kificho: vyumba viwili, kimoja masta (chenye choo na bafu lake), sebule, jiko, choo cha wageni, maji ndani, LUKU yako (mita ya umeme wa kulipia kabla), fensi, gari linaingia. Kila neno hapo lina bei yake. Nyumba isiyo na LUKU yake, au ambayo ili uifikie lazima upite mbele ya sebule ya mwenye nyumba, itapata mtu, ila kwa pango la chini na kwa mpangaji ambaye tangu siku ya kwanza anatafuta pengine.

Kwa hiyo swali la kuzipima zote tatu ni moja: ipi inawapa watu wawili maisha mawili kamili, kila mmoja na yake, kwa fedha unazoweza kuzipata?

Fedha zinavyoingia, na nyumba inavyopanda

Wengi wetu tunajenga kwa fedha taslimu. Mikopo ya nyumba ipo benki, lakini riba yake ni nzito na hati inatakiwa, hivyo nyumba inapanda kwa awamu: msingi mwaka huu, boma, yaani kuta bila paa, mwaka ujao, kupaua fedha zikipatikana.

Pacha ya chini inakubali mwendo huo kuliko nyingine zote. Unaweza kupaua na kumalizia upande mmoja, ukahamia au ukapangisha, na upande wa pili ukasubiri. Lakini kuna sharti ambalo mafundi wengi hulipuuza: msingi wa pande zote mbili uchimbwe na kumwagwa kwa pamoja, na ukuta wa kati ujengwe wote. Ukijenga nusu leo na nusu baada ya miaka mitatu kwa kuunga msingi, nusu mpya itakaa kwenye udongo taratibu wakati ile ya zamani imekwisha kukaa, na ufa utatokea pale zilipokutana. Utapiga lipu, utapaka rangi, na masika yakija ufa utarudi. Kwenye udongo wa mfinyanzi au ule mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, hali ni mbaya zaidi. Kama huna njia ila kujenga nusu nusu, basi ziwe kuta mbili zenye misingi miwili na mwanya mdogo katikati, usiunge.

Paa nalo lipangwe kwa awamu tangu kwenye ramani. Paa la kawaida la pande mbili, kilele kikienda sambamba na mbele ya nyumba, linaweza kuishia kwenye ukuta wa kati na baadaye likaendelezwa bila kubomoa. Paa la kuficha, lile la kisasa ambalo bati haionekani, ninakushauri usiliweke kwenye pacha. Lina mifereji ya ndani, na kwenye nyumba mbili zilizoshikana ni rahisi maji yaelekezwe katikati, juu ya ukuta wa pamoja. Mfereji ukiziba majani siku ya mvua kubwa, dari za nyumba mbili zinalowa kwa mara moja.

Ghorofa halikubali awamu ndogo. Chukua nyumba ya chini ya mita 10 kwa 10. Slabu yake, yaani sakafu ya zege inayobeba nyumba ya juu, ikiwa na unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 15 za zege. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne), hiyo ni karibu mifuko 100 ya saruji ya kilo 50. Mhandisi akitaka zege nzito zaidi, inakaribia 120. Bado hujaweka nondo, kokoto, mbao za kufyatulia na mirunda ya kushikilia. Na zege hiyo inamwagwa siku moja, kuanzia alfajiri mpaka iishe, huwezi kumwaga nusu ukasubiri mshahara wa mwezi ujao. Kisha inamwagiliwa maji angalau siku 7, na mirunda inabaki chini yake wiki 3 hadi 4. Wakati wote huo nyumba ya chini haikaliki.

Ndiyo maana mjini kumejaa nyumba zilizosimama kwenye slabu, nondo za nguzo zimechomoza juu kama pembe. Mwenyewe anaishi chini na anasema atapandisha baadaye. Nondo hizo zinakula kutu, na Kigamboni au Mbweni, karibu na upepo wa chumvi, zinakula haraka. Slabu isiyo na paa nayo haizuii maji. Inavuja polepole mpaka dari ya chini inaota madoa. Anayelazimika kusimama hapo azipake nondo uji wa saruji na aweke bati la muda juu ya slabu, mwaka wa kwanza, asingoje aone doa.

Halafu kuna usalama wenyewe. Jengo lililoanguka katikati ya Dar es Salaam mwezi Machi 2013 na lile la Kariakoo la Novemba 2024 yalichukua uhai wa watu wengi, na nadhani hakuna haja ya kuongeza neno juu ya ghorofa linalojengwa kwa kukadiria. Nguzo, mihimili na slabu ni kazi ya mhandisi aliyesajiliwa, anayechora, anayekagua nondo kabla zege haijamwagwa na anayesaini. Gharama hiyo iingie kwenye hesabu yako mwanzoni kabisa. Pacha ya chini nayo inahitaji ramani na kibali cha ujenzi kutoka halmashauri, lakini kosa dogo la fundi pale haliwezi kuangusha nyumba juu ya watu waliolala.

Nyumba ya uani, kwa upande wa fedha, ni nyepesi kuanza na ghali kumaliza. Nyepesi kwa sababu unaweza kujenga ndogo ya nyuma kwanza, ukaishi humo huku ukijenga kubwa ya mbele kwa utulivu. Wengi wamefanya hivyo na wamefanikiwa. Ghali kwa sababu kila kitu ni mara mbili: kuta nne zaidi, msingi wake, paa lake, bomba na waya wa kuvuta kutoka mbele. Pacha inaokoa ukuta mzima wa nje. Kwa ukuta wa mita 9 wenye kimo cha mita 3, hizo ni tofali za inchi 6 zisizopungua 250, pamoja na mkanda wa zege, lipu ya nje na rangi yake.

Kiwanja chenyewe

Kiwanja cha 20 kwa 20 ni mita za mraba 400. Pacha yenye upana wa mita 16 na kina cha mita 9 inakupa mita za mraba 72 kila upande, zinazotosha vyumba viwili, kimoja masta, sebule, jiko na choo cha wageni. Zinabaki mita 2 kila ubavuni, na mbele na nyuma jumla ya mita 11 za kugawa kati ya magari na uani. Inatosha, bila anasa. Kiwanja kikiwa na upana wa mita 15 au pungufu, pacha inabana: vyumba vinakuwa virefu na vyembamba, madirisha yanatazamana na ukuta wa fensi. Hapo ghorofa linaanza kuwa na maana, hasa Sinza, Kijitonyama au Mikocheni ambako mita moja ya ardhi ni fedha nyingi. Kwenye miinuko ya Goba na Madale kuna jambo jingine: kama kiwanja kinateremka sana, kusawazisha mita 16 za pacha kunakula kifusi na kuta za kuzuia udongo. Mteremko huo wakati mwingine unakupa ghorofa bila kulitafuta, nyumba ya chini ikiwa na mlango upande wa bondeni na ya juu upande wa barabara. Mwite mhandisi aone kabla hujachagua.

Maji taka watu huyaacha mwisho, na ndipo yanapowafunga. Shimo moja kubwa kwa nyumba mbili linatosha, na kwa pacha na ghorofa ni rahisi kuliweka mbele karibu na geti, ambapo mpira wa gari la kunyonya unafika. Nyumba ya uani mara nyingi shimo lake liko nyuma kabisa, na siku likijaa mpira lazima upite ubavuni mwa nyumba yako au juu ya ukuta wa jirani. Na wanaotaka kuchimba kisima: kanuni inayotumiwa na wataalamu ni kisima kiwe mita 30 kutoka kwenye shimo la maji taka. Kiwanja cha 20 kwa 20, ukipima kona hadi kona, kina mita 28. Kisima na shimo havikai salama humo, hata ukivisukuma kila kimoja kwenye kona yake, na bado jirani naye ana shimo lake.

Kelele, joto na staha

Hapa pacha ndipo inaposhutumiwa zaidi, na shutuma hizo ni za haki kwa nyumba nyingi zilizojengwa. Ukiingia darini utaona sababu. Ukuta wa kati umeishia kwenye lenta, ule mkanda wa zege, usawa wa dari, na juu yake ni nafasi tupu, moja kwa nyumba zote mbili, mbao za paa zikipita kutoka upande huu hadi ule. Redio ya mpangaji inapanda, inasafiri juu ya jipsamu na kushuka chumbani kwako. Harufu ya dagaa vilevile. Mwizi aliyeingia upande mmoja anaweza kutambaa akatobolea upande wa pili. Na moto ukianza, unakuta njia imekwisha kufunguliwa.

Dawa yake ni ndogo kwa bei. Ukuta wa kati upandishwe mpaka ukutane na bati, bila tundu hata moja, na tofali zake zilazwe ili ukuta uwe na unene wa inchi 9 badala ya 6. Kwa ukuta wa mita 9, kulaza kunaongeza kama tofali mia na ushee, na ile pembetatu ya juu ni tofali chini ya mia. Kwenye gharama ya nyumba nzima, hiyo ni fedha ndogo sana kwa usingizi wa miaka yote mtakayokaa hapo. Soketi za pande mbili zisitazamane kwenye tundu moja la ukuta. Vitanda viwe kuta za nje. Kwenye ukuta wa kati weka stoo, makabati, bafu na jiko. Mwambie mchoraji aandike haya kwenye ramani, kwa maandishi, kwa sababu fundi anajenga alichozoea.

Ghorofa lina kelele za aina nyingine, zinazotoka juu. Slabu ya sentimita 15 inazuia sauti ya maongezi vizuri, lakini haizuii mshindo. Mtoto akikimbia, kiti kikiburutwa, kinu kikitwangwa jikoni, wa chini anasikia kama kiko kichwani pake. Kuna pia uvujaji: bafu la juu likiwa na kasoro kwenye kuzuia maji, dari ya chini inaonyesha, na kulitengeneza kunahitaji kung'oa vigae vya mtu wa juu. Ukiwa wewe ndiye wa juu, unamwomba radhi mpangaji kila mara. Ukiwa wa chini, unabisha hodi kwa mpangaji uone anakoharibia. Kwa joto, anayekaa juu chini ya bati anaungua kuanzia Desemba hadi Machi, na wa chini anapoa. Kwa upepo ni kinyume chake. Ngazi nazo zihesabiwe: wazazi wakija kutoka mkoani na magoti hayataki, chumba cha chini kinakuwa haja ya lazima, na mpangaji amekwisha kukikalia.

Kwa staha, nyumba ya uani ndiyo iko mbele kama imepewa njia yake. Hakuna ukuta wa pamoja, hakuna mtu juu ya mtu. Ila njia hiyo lazima iwepo kweli. Mpangaji anayepita kila siku mbele ya dirisha la jiko lako, na mkeo au mama yako akiwa uani kichwa wazi anaanika nguo, hana raha, nanyi hamna raha. Uani, kwa familia nyingi za pwani, ni sebule ya pili ya wanawake. Ukimpa mpangaji uani, umempa sehemu ya nyumba yako. Pacha inagawana uwanja wa mbele tu, na uani unakatwa na ukuta mfupi, kila familia na kamba yake ya nguo.

Na shughuli zipo. Msiba ukitokea upande mmoja, turubai litafungwa mbele na watu watakaa siku tatu. Arobaini itakuja, na siku nyingine itakuwa harusi. Kwenye pacha uwanja wa mbele ni wa wote, basi uwe na nafasi ya turubai moja, na pande zote mbili zijue hilo kabla. Kwa watu wetu hilo si kero hata kidogo, mpangaji ndiye atakayekuwa wa kwanza kuteka maji ya wageni. Lakini lisipopangwa, magari yanafungiana.

LUKU, maji na kodi ya majengo

Haijalishi umechagua ipi kati ya tatu, mita ziwe mbili. Submita, mita ndogo unayoifunga mwenyewe baada ya ile kuu, ni njia ya aliyechelewa: inahesabu, lakini fedha bado zinapita mkononi mwako na ugomvi unapita nazo. Kuna na hasara ya moja kwa moja. TANESCO ina daraja la wateja wadogo, D1, ambao kwa wastani hawavuki uniti 75 kwa mwezi na wanalipa sh. 100 kwa uniti kabla ya VAT na tozo. Daraja la kawaida, T1, ni sh. 292. Familia mbili kwenye mita moja ni vigumu sana kubaki ndani ya uniti 75. Mkiunganika, mnapandishana.

Kodi ya majengo tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU. Kwa viwango vya kuanzia Julai 2023, nyumba ya kawaida ni sh. 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kila mwezi. Ghorofa mijini ni sh. 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu, yaani 7,500 kwa mwezi. Tofauti hiyo haitoshi kukufanya uache ghorofa, lakini inarudi kila mwaka maisha yote ya nyumba. Kwenye pacha, angalia jambo moja: ukiwa na mita mbili kwenye jengo moja, kodi ile ile inaweza kukatwa mara mbili, upande wako na upande wa mpangaji. Fuatilia mapema mita moja iondolewe makato hayo. Na kwa kuwa mwenye kudaiwa kodi ya majengo ni mwenye nyumba, kama inakatwa kwenye LUKU ya mpangaji, mkataba useme anarudishiwaje. Sh. 1,500 zimevunja ujirani mara nyingi kuliko inavyostahili.

Maji yafuate mtindo huohuo: mita mbili za DAWASA, matangi mawili, lita 2,000 kila upande zikitosha siku chache za mgao. Ghorofa linahitaji pampu ya kupandisha. Hakikisha umeme wa pampu uko kwenye mita ya anayetumia hayo maji.

Hesabu ya mfano

Namba hizi ni za mfano, weka zako. Tuseme upande wa mpangaji kwenye pacha umekugharimu milioni 35, na unaupangisha sh. 300,000 kwa mwezi. Mwaka mzima ni 3,600,000. Toa mwezi mmoja nyumba ikiwa tupu, zinabaki 3,300,000. Kodi ya zuio ya pango ni asilimia 10, zinabaki 2,970,000. Tenga 300,000 za matengenezo, unashika 2,670,000. Milioni 35 zinarudi kwa miaka 13 na kidogo.

Sasa weka ghorofa. Pango la nyumba ya ukubwa ule ule mtaa ule ule halipandi sana kwa sababu tu iko juu, lakini gharama imeongezeka kwa slabu, nguzo, ngazi na mhandisi. Ikiwa nyongeza hiyo ni milioni 20, miaka inapita 20. Nyumba ya uani ya chumba na sebule ikigharimu milioni 15 na kupangishwa 130,000, kwa hesabu hiyohiyo ya mwezi mmoja mtupu na kodi, na 150,000 za matengenezo, unashika karibu 1,137,000 kwa mwaka, nazo milioni 15 zinarudi kwa miaka 13 pia. Kwa hiyo uani na pacha zinakaribiana kwa kasi ya kurudisha fedha. Pacha inashinda kwa kiasi unachoshika kila mwezi na kwa aina ya mpangaji anayekuja, maana familia yenye watoto wa shule hukaa miaka, na aliye peke yake huhama kazi ikihama.

Ukitaka kuuza nusu siku moja, Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 inayoruhusu sehemu ya jengo iwe na hati yake, na pacha au ghorofa lenye huduma zilizotengana linafaa kwa hilo. Nyumba ya uani isiyo na njia yake ya barabarani ni ngumu kuiuza peke yake kwa namna yoyote.

Ukishachagua pacha

Upange ulaze vipi kwenye kiwanja. Dar upepo wa kusi unatoka kusini kuanzia Aprili hivi, na kaskazi unatoka kaskazini mashariki kuanzia Novemba. Kiwanja kikiruhusu, weka nyumba mbili moja mashariki na nyingine magharibi, madirisha makubwa yakitazama kaskazini na kusini. Zote mbili zitapata upepo mwaka mzima, na kuta za pembeni ndizo zitakazopigwa na jua. Ya mashariki inapata jua la asubuhi, ya magharibi inabeba jua la alasiri mpaka magharibi, na vyumba vyake vinalala na joto. Panda mti upande huo au jenga baraza pana, usimwachie mpangaji aungue kwa sababu tu wewe umechagua kwanza.

Kisha kuna swali la upande upi umalize mbele. Kama sasa unapanga kwa 250,000, na nusu ya pacha itapangishwa 300,000, inaonekana afadhali umalize ya mpangaji na ubaki ulipo. Lakini pango unaloacha kulipa halikatwi kodi, na lile unalopokea linakatwa asilimia 10, hivyo 300,000 zako ni 270,000. Tofauti inayobaki ni 20,000 kwa mwezi, na nauli ya kwenda kusimamia mafundi inazimaliza, bila kutaja saruji inayopotea pasipo mtu wa kulala saiti. Hamia kwanza, hata sakafu ikiwa ya saruji tupu na jipsamu bado. Maliza upande wa pili kwa kiwango kamili, vigae, makabati, mita, kila kitu, kwa sababu ule ndio unaouza. Mpangaji akilipa miezi sita mbele, hizo 1,800,000, ukishatoa kodi, ziende kwenye dari na vigae vya upande wako.